Mia Tano Kumi na Mbili

Somo lile Kenneth alikuwa amelifundisha chuoni Arua kwa muda mrefu kiasi kwamba hakulitayarisha tena. Aliingia darasani, akaandika ubaoni namba mia moja peke yake, kisha akawauliza wanafunzi kama hiyo ni kasi kubwa ya data au ndogo. Wengine walisema kubwa, wengine wakasema ndogo, na yeye akawaacha wabishane hadi wachoke. Ndipo alipowaambia kwamba wote wamefanya haraka. Walipaswa kuuliza kwanza: mia moja ya nini?

Biti nane hufanya baiti moja. Watu wa mitambo hupima kasi ya laini kwa biti, na watu wa mafaili hupima mizigo yao kwa baiti. Programu nyingi za simu huonyesha moja bila kuitaja nyingine. Anayevuka kutoka kipimo kimoja kwenda kingine bila kuzidisha au kugawanya kwa nane amekosea mara nane, na kosa la mara nane, alipenda kusema, ni kama kupakia mzigo wa lori kwenye baiskeli. Wanafunzi walicheka. Baadhi yao waliandika habari ya lori na baiskeli lakini wakasahau kuandika nane.

Mama mkwe wake, Susana, alipofariki huko Abuku, kijiji cha Koboko, ilionekana jambo la kawaida kabisa kwamba shughuli ya mtandao apewe yeye.

Nasema shughuli ya mtandao, kwa sababu katika ukoo ule mwanamke aliyeolewa hafunikwi udongo mpaka kaka yake aseme neno. Kaka husimama kando ya kaburi, hutamka kwamba hana jambo na shemeji zake, kisha hutupa udongo wa kwanza. Asiposema, kaburi litafukiwa, kwa kuwa haliwezi kulala wazi, lakini watoto wa marehemu watakuwa wamekatwa kutoka nyumba ya mjomba wao. Hawataingia kwake. Hatawabariki wala kuwapa watoto wao majina, na siku atakapokufa yeye hawatakuwa na mahali pa kukaa katika msiba wake.

Kaka wa Susana alikuwa mmoja tu, Wani, naye alikuwa Juba. Miguu yake haikumbeba tena hata kufika mlangoni, na barabara ya kutoka huko kuja Koboko haikuwa ya kumpitisha mgonjwa. Tena kulikuwa na maneno. Ilisemwa kwamba Susana alipoanza kuugua, shemeji zake walichelewa kumpeleka hospitali. Hakuna aliyelisema mbele ya watu, na kila mtu alikuwa amelisikia.

Kwa Patience, mke wa Kenneth, binti wa marehemu, jambo hili halikuwa la mila peke yake. Baba yake alikufa Patience angali mtoto, na Wani ndiye aliyemchukua, akamlea, akamsomesha, akamtembelea shuleni akiwa amevaa koti lake moja zuri. Hakuwa na baba mwingine. Sasa alikuwa mjamzito, na jina la mtoto lilikuwa limekwisha kuombwa kwa Wani tangu mimba ilipojulikana.

"Asikie na aone," Patience alimwambia mumewe walipokuwa wakifunga mizigo nyumbani kwao Awindiri, mjini Arua. "Akiona tumemweka mama vizuri, moyo wake utalainika. Namjua."

"Ataona," alisema Kenneth.

Baba mdogo wa Patience, Mzee Dumo, mkuu wa ukoo pale Abuku, naye alitaka sura. Alilisema mbele ya wazee wenzake, akiwa amekaa chini ya turubai na redio yake imezimwa mapajani.

"Sauti inaweza kuwa ya mutu yeyote. Kesho watu watasema tulilipa mulevi mmoja kule Juba aongee. Tunataka kuona Wani mwenyewe, mdomo yake ikifunguka."

Ndiyo sababu akaitwa Hamuza kutoka Koboko mjini. Hamuza alikuwa Mnubi mwenye spika, jenereta, projekta na kitambaa kikubwa cheupe cha kuonyeshea mpira. Alifika asubuhi, akasimamisha nguzo zake kando ya kaburi lililokuwa bado linachimbwa, akarudi nyuma kupima kwa macho.

"Mwalimu, hii kitambaa yangu imeonyesha fainali zote," alimwambia Kenneth. "Leo mara ya kwanza inaonyesha mjomba. Asicheze vibaya tu."

"Kazi yako ni kitambaa na spika. Mtandao niachie mimi."

"Mimi nimekuachia zamani. Mtandao ya Abuku ni kama mke ya mutu mwingine, mimi hapana gusa."

Mtandao wa Abuku haukuwa mbaya siku ile. Kenneth alikuwa amekuja na kisanduku chake cha laini na antena ndogo, akaipandisha juu ya mlingoti na kuielekeza kwenye mnara ulio upande wa mjini. Programu yake ilimpa kasi ya kutosha na kubaki. Programu hiyo aliipenda kwa sababu ilionyesha kila kitu kwa kilobaiti, na yeye, aliyekuwa akipakua na kupandisha mafaili ya chuo kutwa, alikuwa amezoea kufikiri kwa kilobaiti. Kilichobaki ni kujua hali ya upande wa pili, maana mazungumzo ya picha hayawezi kwenda haraka kuliko laini iliyo nyembamba kati ya mbili.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mkwe wa kiume hasemi moja kwa moja na kaka wa mama mkwe wake. Hamwiti kwa jina wala hamjibu, na wakikutana njiani huinamisha macho na kupisha. Akiwa na haja hutumia mdomo wa mtu mwingine. Kenneth alikuwa Mlugbara wa kule Kuluva, na kwao pia heshima ya wakwe haikuwa mchezo, kwa hiyo hakuona tabu kuifuata hii. Tangu aoe alikuwa amemsikia Wani mara nyingi na hakuwahi kumwambia neno. Mdomo wake ulikuwa Moris, mdogo wa Patience, kijana mpole aliyefanya biashara ya muhogo mpakani.

Moris alipiga simu na kuiweka wazi ili shemeji yake asikie. Wani mwenyewe ndiye aliyepokea. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyelia na kumaliza.

"Mjomba, shemeji anaomba Night apime mtandao huko kwako."

Night Poni alikuwa mjukuu wa Wani, msichana aliyemtunza. Walimsikia akichukua simu, akibonyeza, akingoja. Kisha akamsomea babu yake, na babu ndiye aliyetoa jibu, kwa kuwa simu ilikuwa yake na msiba ulikuwa wake.

"Inasema mia tano kumi na mbili."

Moris alimgeukia Kenneth. Kenneth alimnong'oneza, "Muulize, za nini? Kilobiti au kilobaiti?"

"Mjomba, shemeji anauliza, mia tano kumi na mbili za nini?"

Kisha Wani akacheka, kicheko kikavu.

"Mkwe anahesabu data ya nyumba yangu? Dada yangu amelala kwenye sanduku, yeye anahesabu. Mwambie ni mia tano kumi na mbili. Kama haitoshi, aje aongeze mwenyewe."

Wazee waliokuwa karibu walicheka. Mzee Dumo alicheka kuliko wote, kwa sababu kicheko cha Wani kilikuwa kitu cha kwanza chepesi kutoka upande ule tangu msiba uanze. Moris naye akatabasamu na kumwangalia shemeji yake, akingoja kama kuna swali lingine.

Kenneth alihisi uso ukiwaka. Angeweza kumwambia Moris aulize tena. Lakini mkwe aliyekwisha kuchekwa hadharani hurudi nyuma, na pale kila mtu alikuwa akitazama kama atarudi. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie ahsante. Inatosha."

Halafu akakaa na kompyuta yake na kufanya hesabu aliyoifanya mara elfu. Mia tano na kumi na mbili, kwa kilobaiti, mara nane: kilobiti elfu nne na zaidi kidogo, yaani megabiti nne. Picha nzuri ya kujaza kitambaa cha Hamuza ilihitaji megabiti mbili. Akaweka mbili kwenda na mbili kurudi, kila upande na njia yake, akaona kila njia imebakiza nusu nzima kwa ajili ya dharura, akaridhika kama mtu mwangalifu anavyoridhika. Kuzidisha kwake kulikuwa sahihi. Ila kuzidisha huko kulihitaji jambo moja ambalo hakulipata, naye alikuwa amelijaza mwenyewe kwa mazoea ya simu yake.

Akampa Moris agizo la mwisho la kupeleka Juba. Simu ya mjomba isimamishwe mezani mbele yake, izuiwe kupokea simu zote zinazoingia zisije zikakata picha, na mazishi yakishaanza mtu yeyote asiiguse, hata ikionekana imekwama. "Wakiigusagusa wataharibu," alisema. "Waiache. Itarudi yenyewe."

Mchana watu walijaa. Wakimbizi waliovuka mpaka zamani pamoja na Susana walikuja kutoka kambini na nyimbo zao, wanawake wa kanisa wakaja wamefunga vitambaa vyeupe viunoni. Katekista alisoma, wakaimba, na sanduku likasogezwa kwenye ukingo wa kaburi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Kongo na kuanza kuja polepole. Kenneth akafungua mawasiliano.

Wani akatokea juu ya kitambaa, mkubwa kuliko mtu yeyote aliyekuwapo, amevaa koti lile. Watu walipumua kwa pamoja. Patience, aliyekuwa ameshikwa mikono na wanawake wawili, alipiga magoti pale pale.

"Mjomba," alisema. "Mjomba, tumekuja na mama."

Wani aliinua kichwa, midomo ikaanza kusogea. Kisha uso wake ukavunjika vipande vya mraba, ukajirudi, ukaganda. Jicho moja lilikuwa wazi, jingine nusu. Kutoka kwenye spika za Hamuza ilitoka sauti kama maji yanayokoroma kwenye bomba, halafu ikakatika kabisa.

Watu walingoja. Mwanzoni walingoja kwa heshima, wakidhani mzee amezidiwa na uchungu.

"Mwalimu," alisema Hamuza kwa sauti ya chini, "spika yangu iko sawa. Umeme iko. Hiyo ni ya kwako."

Kenneth alikuwa amekwisha kuinama juu ya kompyuta. Upande wa Abuku mambo yalikuwa mazuri. Kisanduku kilikuwa kikisukuma data bila shida. Alifungua dirisha dogo linaloonyesha kiasi kinachofika kweli upande wa pili. Sitini na nne. Sitini na tatu. Sitini na nne. Kwa kilobaiti.

Hakuhitaji kalamu. Mara nane, mia tano na kumi na mbili. Zilikuwa kilobiti. Night alikuwa amesoma vizuri, Wani alikuwa amesema vizuri, na yeye alikuwa amemwaga megabiti mbili kwenye laini inayobeba robo yake tu. Mzigo ulikuwa umeziba njia, na sauti, iliyokuwa nyepesi kama unyoya, ilikuwa imezibwa pamoja nao. Kwa laini ile ile ingeweza kupita picha ndogo, yenye chenga kidogo, sura ikatambulika na mdomo ukaonekana ukifunguka, na bado sauti ikabaki na nafasi ya kutembea. Mzee Dumo hakuwa ameomba zaidi ya hapo.

Akapunguza kila kitu mara moja. Picha ikashuka hadi chini kabisa, kisha akaizima upande wake, akaacha sauti peke yake. Lakini simu ya Juba ilikuwa imekwama na ilihitaji mtu aiguse, afunge, afungue upya.

"Moris, mpigie mjomba. Simu ya kawaida. Sasa hivi."

Moris alipiga. Alipiga tena. Alimwangalia shemeji yake, macho yamejaa kitu ambacho bado hakikuwa lawama. "Haiingii, shemeji. Si wewe ulisema wazuie?"

"Night je?"

"Night hana simu. Hiyo moja tu iko nyumba yote."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya sanduku na kila mtu akalisikia. Mzee Dumo alisimama. Alimtazama Wani aliyeganda juu ya kitambaa, mdomo wazi, ukikaribia kutamka.

"Tumemuona," alisema. "Amekuja. Amefungua mdomo. Neno hakutoa."

"Baba mdogo, ngoja," alisema Patience. "Ni mitambo. Kenneth, waambie ni mitambo."

"Ni mitambo," alisema Kenneth. "Nipeni muda kidogo."

"Mkwe, tumekupa muda," alijibu Dumo, bila ukali. "Maji inaingia kwa kaburi. Mimi hapana weza kuzika maji na shemeji yetu pamoja. Kama Wani iko na neno, angesema haraka. Labda hana." Wazee wawili nyuma yake walitikisa vichwa. Wazo lile liliwafaa. Liliwaondolea hofu ya kile ambacho Wani angeweza kusema juu ya hospitali mbele ya kanisa lote.

Wakaanza kufukia. Patience alipiga kelele mara moja, si kwa maneno. Mvua iliponyesha hasa, Hamuza alikimbilia kitambaa chake, akakikunja upesi, na uso wa Wani ukakunjwa ndani yake.

Walipata habari za upande wa pili siku chache baadaye, kwa Night, aliyepiga kwa simu ya jirani. Alisema babu aliona sanduku la dada yake ukingoni mwa kaburi, halafu picha ikasimama hapo. Hakusikia mtu akimkaribisha kusema. Alisema neno lake hata hivyo, lote, mbele ya meza, akakusanya udongo aliokuwa amewekewa kwenye sahani, akautupa sakafuni. Kisha akauliza kwa sauti, "Mmesikia?" Akangoja. Night alitaka kuigusa simu, babu akamkataza: mkwe amesema isiguswe. Walikaa mbele ya picha ile mpaka betri ilipoisha. Jioni jirani mmoja, mtu wa Yei mwenye jamaa Koboko, akawaambia kwamba kaburi lilikwisha kufukiwa mchana.

"Neno lake lilikuwa nini?" Patience aliuliza.

"Alisema hana jambo na mtu," alisema Night. "Lakini sasa anasema iko nalo. Anasema mlimfungia kwenye simu ili mzike haraka."

Patience alikata simu. Kisha akamwomba Kenneth amweleze, taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi. Naye akamweleza: biti, baiti, nane. Hakujitetea. Alieleza vizuri, pengine vizuri kuliko alivyowahi kueleza darasani.

"Kwa hiyo lilikuwa swali moja," alisema Patience.

"Niliuliza."

"Uliuliza mara moja, wakacheka, ukaacha."

"Ni mjomba wako, Patience. Ningefanyaje? Mkwe amjibu?"

"Moris alikuwa amekaa pale anangoja. Nilimwona. Alikuwa anangoja umwambie tena."



Moris alitumwa mara mbili kwa simu, na mara zote mbili Wani alisema hana watoto wa dada. Katekista aliandika ujumbe, haukujibiwa. Patience akawa mzito, akaacha kulitaja jina la mtoto. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, sebuleni Awindiri, Kenneth alichukua simu yake mwenyewe, akaiweka wazi mezani mbele ya mkewe, na kufanya jambo ambalo hakuna mkwe wa ukoo ule aliyekuwa amelifanya. Alimpigia Wani.

"Ndiyo," ilisema sauti.

"Mzee, ni mimi. Kenneth. Mume wa Patience."

Hakukatiwa. Akasema yote. Alisema kosa ni lake, si la Dumo wala la Moris. Kwamba alichukua kipimo kimoja akadhani ni kingine. Kwamba yeye ndiye aliyefunga simu isipokee na kukataza isiguswe. Kwamba neno la mzee lilisemwa, na wao ndio hawakulipata. Aliomba mtoto asinyimwe jina kwa sababu ya hesabu ya baba yake. Patience alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Wani alimsikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake walisikia kuku, na Night akisogeza sufuria.

"Kumbe unaweza kuniuliza," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Siku ile nilikuuliza kama unahesabu data ya nyumba yangu. Ungesema ndiyo. Mimi nilikuwa nataniana na mkwe. Nilitaka unijibu, nicheke kidogo siku ya dada yangu." Akavuta pumzi. "Ukaheshimu. Heshima yako ndiyo ilifukia Susana bila mimi."

"Mzee—"

"Patience iko hapo?"

Patience alifungua mdomo. Kenneth akasema, "Yuko, anasikia."

"Basi asikie. Asije kwangu. Mtoto apewe jina kwenu Kuluva, huko mnajua kuhesabu."

Simu ikakatika. Ilikuwa simu ya kawaida, ya sauti tu, kutoka Juba hadi Awindiri, na ilikuwa imepita safi kabisa. Hakuna neno hata moja lililopotea njiani.